Usiku Mtulivu wa Port Bell na Tufani za Ziwa Victoria

Mtu asimamaye jioni kwenye gati la Port Bell, upande wa kusini-mashariki wa mji wa Kampala, aghalabu huona maji yaliyotulia kama mafuta chomboni. Upepo uliokuwa ukivuma kutoka ziwani tangu adhuhuri umekwisha, mbingu imetakata, na taa za Luzira na Gaba zaanza kuonekana juu ya maji. Kwa afisa anayetaka kupeleka mashua ya doria visiwani, na kwa mvuvi anayepakia nyavu zake, saa hiyo huonekana kuwa njema kuliko saa zote za siku. Hata hivyo uchunguzi wa miaka mingi umethibitisha kwamba tufani kali za Ziwa Victoria hazitokei sana mchana. Hutokea usiku, baina ya saa sita za usiku na saa tatu za asubuhi, yaani wakati ule ule ambapo mashua zilizoondoka katika utulivu wa jioni ziko mbali na nchi kavu.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hupoteza maisha yao kila mwaka katika ziwa hili, wengi wao wakiwa wavuvi, na kwamba hali mbaya ya hewa ni miongoni mwa sababu kubwa. Kama idadi hiyo ingekuwa ya watu waliouawa vitani, ingetangazwa kila siku. Kwa kuwa hufa wawili hapa na watano pale, katika mitumbwi isiyo na jina, habari zao aghalabu haziendi mbali zaidi ya kijiji walichotoka. Wanaoitwa kwenda kuwatafuta, alfajiri, ni askari wa polisi na wa jeshi walio karibu na maji. Kwa hiyo jinsi tufani hizi zinavyozaliwa ni jambo la kazi kwa askari, na wala si somo la kuachiwa walimu wa shule.

Chanzo cha yote ni hewa inayopanda. Hewa haina moto ndani yake unaoisukuma kwenda juu. Hupanda kwa sababu ni nyepesi kuliko hewa iliyo kando yake, na huwa nyepesi kwa sababu ina joto zaidi, kama moshi wa kuni unavyopanda juu ya paa. Lakini kadiri hewa inavyopanda ndivyo inavyopoa. Kule juu uzito wa hewa ya dunia ni mdogo, kwa hiyo hewa inayopanda hupanuka, na hewa ikipanuka hutumia joto lake yenyewe. Fundi wa baiskeli alijua hayo zamani bila kitabu: pampu inayobana hewa hupata joto mkononi, na hewa inayoponyoka katika tairi hutoka ya baridi. Hewa kavu inayopanda hupoteza karibu digrii 10 za sentigredi kwa kila mita 1,000.

Basi swali ni moja tu. Hewa hiyo iliyopanda ikapoa, je, inapofika juu bado ni ya moto kuliko hewa iliyoikuta huko, au imekuwa ya baridi zaidi? Ikiwa ya baridi zaidi, itakuwa nzito, itazama na kurudi ilikotoka. Hali hiyo ndiyo hewa iliyo imara. Ni kama jiwe lililowekwa ndani ya karai: likisukumwa huyumba, kisha hurudi katikati. Lakini kama hewa iliyopanda bado ina joto kuliko jirani zake, hakuna cha kuizuia, na itaendelea kupanda kwa nguvu zake yenyewe. Hapo karai limefudikizwa na jiwe limewekwa juu yake. Msukumo mdogo tu watosha, na jiwe halirudi.

Katika nchi za joto karai hufudikizwa kwa namna ya siri, na siri yenyewe ni mvuke wa maji. Tuseme hewa iliyo juu ya ziwa ina digrii 25, na hewa ya juu yake yapungua joto digrii 7 kwa kila mita 1,000. Fungu la hewa likiinuliwa mita 500 litapoa hadi digrii 20, hali jirani zake wana 21 na nusu. Ni la baridi zaidi, na likiachwa litarudi chini. Lakini kama limebeba mvuke mwingi, katika kimo hicho mvuke huanza kugeuka matone, na wingu huzaliwa. Mvuke unapogeuka maji hurudisha joto lote lililotumika kuyakausha maji hayo kutoka ziwani. Kuanzia hapo hewa hiyo haipotezi tena digrii 10 kwa kila mita 1,000, bali karibu 5 tu. Ikiinuliwa mpaka mita 1,250 italingana na jirani zake. Ikifika mita 1,500 itakuwa imewazidi kwa nusu digrii, na kwenye mita 3,500 itakuwa imewazidi kwa zaidi ya digrii 4. Wakati huo haihitaji tena kusukumwa na mtu wala kitu, kwani inakimbia yenyewe.

Joto hilo si dogo. Kilo moja ya mvuke ikigeuka maji hutoa joto la kutosha kuchemsha lita saba hivi za maji ya kawaida. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya kilomita moja tu ya mraba ni tani 50,000 za maji, na kila tani ya maji hayo ilitoa joto lake ndani ya wingu kabla ya kuanguka. Wingu la tufani, kwa hiyo, hubeba kuni zake lenyewe, na kuni hizo ni maji ya ziwa.

Wingu likishapata nguvu hiyo hupanda mpaka kilomita 15 na zaidi, ambako hukuta tabaka la hewa lisilopitika na kutandaa kama ubapa wa fuawe la mhunzi. Ndani yake hewa hupanda kwa kasi ya mita 10 hadi 20 kwa sekunde. Katika eneo hili maji huanza kuganda kwenye kimo cha karibu mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana kilele cha Ruwenzori, chenye mita 5,109, bado kina barafu, ingawa imepungua sana. Juu ya kimo hicho chembe za barafu na punje za mvua ya mawe hugongana kwa mamilioni, na katika kugongana huko umeme hutengana, wa namna moja ukienda juu na wa namna nyingine ukibaki chini. Tofauti ikizidi, radi hupiga.

Sasa yabaki kuelezwa msukumo wa kwanza, ule unaoinua hewa kupita mita 1,250 za mfano. Mchana msukumo huo huwa nchi kavu. Ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hewa juu yake hupanda, na upepo wa ziwani huvuma kuingia bara kujaza nafasi. Upepo huo hupita Port Bell, hupanda vilima vya Kampala, na aghalabu alasiri mawingu hujengeka juu ya nchi kavu wakati ziwa lenyewe limekaa chini ya mbingu safi. Ng'ambo ya pili, nchini Kenya, upepo huo huo wa ziwani hukutana na upepo wa mashariki juu ya milima ya Nandi na Kericho, na mvua ya mawe huko ni maarufu kwa kuharibu chai. Katika miaka ya 1960 wakulima walijaribu hata kuyarushia mawingu hayo roketi.

Usiku mambo hugeuka. Ardhi, iliyopata joto upesi, hupoa upesi vilevile, na hupoa zaidi pale ambapo mbingu ni safi na upepo umetulia, kwa maana hakuna blanketi la mawingu la kulizuia joto lisipotee. Ziwa halipoi hivyo. Maji yana tabia ya kuhifadhi joto, na maji ya juu ya Ziwa Victoria hukaa karibu digrii 25 usiku na mchana. Saa chache baada ya jua kuchwa, nchi kavu imekuwa ya baridi kuliko maji, na upepo huanza kutoka bara kwenda ziwani. Wenyeji wa pwani ya bahari huujua upepo wa namna hiyo, na huuita umande. Tofauti ni kwamba baharini umande huenda ukapotelea mbali. Ziwa Victoria ni kama sinia kubwa, kilomita za mraba zipatazo 68,800, limezungukwa na nchi kavu pande zote. Upepo kutoka Buganda na Busoga, upepo kutoka upande wa Kisumu, kutoka Mwanza na kutoka Bukoba, zote huelekea katikati. Zinapokutana hazina pa kwenda isipokuwa juu.

Hewa hiyo, tena, haifiki katikati ikiwa kama ilivyotoka. Imetoka bara ikiwa baridi, ikatambaa usiku kucha juu ya maji ya moto, ikapashwa joto kutoka chini na kushiba mvuke. Ni kama sufuria iliyoinjikwa mekoni. Karai limefudikizwa, jiwe limewekwa juu, na upepo wa pande zote ndio mkono unaolisukuma. Hivyo ule utulivu wa jioni, ile mbingu safi iliyomvutia afisa na mvuvi kwenye gati, ni sehemu ya kazi ya kuitengeneza tufani. Kadiri nchi kavu inavyopoa vizuri ndivyo upepo wa bara unavyopata nguvu.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Wataalamu Flohn na Fraedrich waliandika juu ya mzunguko huo wa usiku na mchana mwaka 1966, na Lumb wa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki aliandika juu ya radi za kandokando ya ziwa mwaka 1970. Mwaka 2016 kundi la wanasayansi, likitumia picha za setilaiti na hesabu za kompyuta, lilithibitisha kwamba mvua kubwa za mchana juu ya nchi kavu husaidia kuziandaa tufani za usiku ziwani. Lilisema vilevile kwamba dunia ikiendelea kupata joto kwa kiasi kikubwa, tufani kali za namna itokeayo sasa mara moja katika miaka 15 huenda zikatokea karibu kila mwaka kabla ya karne hii kwisha. Na kabla ya wote hao, mababu wa Buganda walikuwa wamempa Mukasa ziwa na Kiwanuka radi. Walijua kwamba nguvu hizo mbili zina jamaa moja.

Port Bell ina hatari yake ya pekee, nayo yatokana na uzuri wake. Bandari hii, iliyopewa jina la Hesketh Bell aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza tangu mwaka 1906, imejificha kichwani mwa ghuba ya Murchison, na vilima na rasi huikinga na upepo. Kwa sababu ya kinga hiyo hata ndege zilizotua majini, za shirika la Imperial Airways, zilipita hapa zikienda Afrika ya Kusini katika miaka ya mwisho ya 1930. Lakini maji ya ghuba hayasemi lolote juu ya maji yaliyo nje yake. Mashua yaweza kuondoka gatini bila wimbi hata moja, ikapita Gaba, ikatoka kwenye ziwa lenyewe, na ikakuta huko mambo mengine kabisa. Askari aliyeangalia maji ya ghuba peke yake hajaangalia ziwa.

Kinachozamisha mashua mara nyingi si mvua. Ni upepo unaoshuka kutoka wingu lenyewe. Mvua na barafu zinapoanguka huiburuta hewa pamoja nazo, na sehemu ya mvua ikikauka njiani huipoza hewa hiyo, ikawa nzito, ikaanguka kwa kishindo. Ikifika kwenye maji hutawanyika pande zote mbele ya mvua. Ishara yake ni baridi ya ghafula usoni, harufu ya mvua, na mstari mweusi au mweupe juu ya maji unaokimbia kuja. Tangu baridi hiyo ihisiwe mpaka upepo wenyewe ufike huenda zikapita dakika chache tu. Ziwa hili si la kina kirefu, maji yake yakifika kama mita 80 tu pale palipo na kina kuliko pote, na mawimbi yake hupanda upesi, mafupi na yenye kusimama wima, ambayo chombo chembamba hakiwezi kuyapanda kwa ubavu.

Novemba 24, 2018, chombo cha starehe kilizama karibu na Mutima, wilaya ya Mukono, na watu zaidi ya 30 walikufa. Polisi na jeshi walishiriki kuwaokoa walionusurika na kuitafuta miili. Uzito kupita kiasi na ubovu wa chombo vilitajwa kuwa sababu, na hali mbaya ya hewa pia. Mambo hayo hayafai kutenganishwa. Chombo kilichojaa kupita kiasi huweza kuelea siku nyingi katika maji yaliyotulia, na kila safari inayokwisha salama humfundisha mwenye chombo somo la uongo. Askari anayekagua vyombo gatini, akimzuia nahodha asiondoke na abiria wasio na maboya ya kuvaa, hutukanwa mara nyingi, maana wakati huo maji yametulia na watu wana haraka.

Nchi kavu nayo ina hesabu yake. Kampala imetajwa katika vitabu vingi kuwa na siku zaidi ya 200 za ngurumo kwa mwaka. Juni 28, 2011, radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo. Kambi za askari hufanana na shule kwa jambo moja: watu wengi mahali pamoja, mara nyingi chini ya mahema, mabati au mti mmoja mkubwa uwanjani. Mti ulio peke yake ni kimbilio baya kuliko yote. Gari lililofunikwa kwa bati pande zote ni zuri, kwa sababu umeme hupita juu ya bati na kumwacha aliye ndani. Mlingoti wa redio, uzio wa waya na uwanja wa gwaride si mahali pa kusimama. Sauti huchukua sekunde tatu hivi kwenda kilomita moja. Ikiwa baina ya kimulimuli na ngurumo hazikupita sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na imekwisha kuwa karibu mno. Na aliyepigwa na radi hana umeme mwilini: anaweza kuguswa mara moja, na aliyeacha kupumua huweza kurudishiwa uhai kwa kukandamizwa kifua na kupuliziwa pumzi, ilimradi wenzake wasisimame mbali wakiogopa kumshika.

Kuhusu maonyo, mengi yamefanyika. Tangu mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliongoza mradi wa kuziwezesha nchi zinazolizunguka ziwa kutoa utabiri wa pamoja kwa ajili ya wavuvi na wasafiri, ziwa likiwa limegawanywa katika sehemu na siku katika vipindi, na upepo, mawimbi na radi vikitajwa kwa maneno mepesi. Utabiri huo hauwezi kutaja dakika wala mahali hasa litakapozuka wingu. Waweza tu kusema kwamba usiku wa leo karai limefudikizwa. Kwa mkuu wa kituo hilo latosha kuamua mambo kadhaa: safari isiyo ya lazima ingoje asubuhi, ya lazima iende na mashua mbili badala ya moja, njia ipite karibu na visiwa penye pa kukimbilia, na maboya yavaliwe kabla ya kamba kufunguliwa. Boya lililofungwa chini ya kiti halikumwokoa mtu, kwa kuwa mashua ikipinduliwa gizani hakuna anayelifikia. Zamu ya usiku iliyo majini hupaswa pia kuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama upande wa kusini, si taa za mji. Vimulimuli visivyo na sauti vikionekana huko chini ya upeo wa macho, tufani ingali mbali, na wakati wa kugeuza mashua ni huo, si pale ngurumo itakaposikika.

Alfajiri kwenye gati la Port Bell mawingu hayo huonekana kusini yakiwa yamesimama kama ukuta, vichwa vyao vikipata jua kabla ya mji. Mara nyingine mvua yao hufika Entebbe na ufuoni mwa ghuba wakati watu wanakwenda kazini. Kisha nchi kavu huanza kupata joto, upepo wa bara hukoma, na wingu likikosa mkono wa kulisukuma hulegea na kutawanyika. Kabla ya adhuhuri maji yamerudi kung'aa, na upepo wa ziwani waanza tena kuingia Kampala.